Shemeji Aliyeufunika Mtaa Wetu

Mume wa dada yangu ni mtu mzuri, na hilo nalisema mapema kwa sababu sitalirudia mara nyingi. Mtaani wanamwita Rula. Hawamsifu wala hawamtukani, ni ukweli tu: huyu mtu anapima. Mkate anaukata vipande vinavyolingana mpaka unaona aibu kuula. Ndala zake mlangoni zimekaa sambamba, na ole wako uzipige teke. Mimi ni fundi cherehani, chumba changu cha kazi kimepakana na sebule yao, na kila asubuhi anakuja na kikombe chake cha chai, anasimama nyuma yangu, anatazama upindo ninaoushona, anaguna.

"Shemeji, huu upindo umekwenda matembezi."

"Uache uende, umechoka kutazamwa na wewe."

Ndiyo salamu zetu. Tangu amuoe dada hatujawahi kusalimiana kwa adabu, na siku tukifanya hivyo mjue mmoja wetu ni mgonjwa.

Kazi yake ilikuwa kuchora ramani. Miaka thelathini na nne alikaa chumba cha ramani cha halmashauri, amejikunja juu ya meza iliyoinama, kalamu ya wino mkononi. Enzi hizo ramani ilichorwa kwa mkono kwenye karatasi nyororo inayopitisha mwanga, na ukikosea, wino haufutiki. Unachukua wembe, unakwangua taratibu mpaka kosa liondoke au karatasi itoboke. Sasa, shemeji hajawahi kukwangua. Hiyo ndiyo hadithi yake, tumeisikia harusini, tumeisikia msibani, na mara moja tumeisikia kwenye foleni ya zahanati, mimi nikiwa na jino linaniuma. "Wenzangu walimaliza pakiti za wembe. Mimi wembe wangu nilinyolea ndevu!" Mgeni akiingia kwao, hata hajakaa, anaonyeshwa ramani ya mji iliyotiwa kwenye fremu juu ya kochi: barabara, soko, mto wa bluu, na kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, kisanduku kikubwa cha ufunguo, kile kinachoeleza alama za ramani, na ndani yake dira yenye ncha kumi na sita. Dada hupangusa kioo chake kila Jumamosi. Hata mimi, pamoja na ulimi wangu huu, nilikuwa nakiri kwamba kile kisanduku ni kizuri.

Alipostaafu, nyumba ya kazi ikachukuliwa na wenyewe, naye akaja kujenga huku kwetu, kwenye kiwanja alichotuachia marehemu mama. Mtaa wetu uko bondeni, chini ya tanuri la zamani la matofali. Ulianza na nyumba kumi na moja za watu wa tanuri. Leo zimepita mia na arobaini, na kila mtu anasema yeye ndiye alitangulia.

Jumatatu moja nikaenda dukani kununua uzi, nikakuta watu wamejazana mbele ya tangazo lililobandikwa ukutani. Halmashauri inakusudia kujenga kituo cha kukusanya na kuchoma taka za mji mzima, katika eneo wazi lililo chini ya tanuri la zamani la matofali. Mwenye pingamizi afike ukumbini Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Eneo wazi! Nimesimama pale na uzi wangu, kuna mtu ananikanyaga kidole, mbuzi anatafuna ncha ya gazeti la mwenye duka, mwenye duka anafoka kwamba tumemzibia mlango, na papo hapo nasoma kwamba hatupo. Na taka zenyewe ni za nani? Sisi ganda la ndizi halifiki jioni, mbuzi wamelimaliza. Chupa tunawekea mafuta, makopo tunapandia maua, mifuko nafungia nguo za wateja. Taka za kujaza malori zinatoka kule mlimani kwenye nyumba za ghorofa, zishuke kwetu zichomwe, moshi tuuvute sisi tusiokuwepo.

Kesho yake tukaenda ofisi ya mipango, mimi, dada, na mwenyekiti wetu wa mtaa, mzee aliyechoma matofali tangu tanuri likiwa na moto. Afisa mipango ni binti mpole, ana sauti ya chini, anakukaribisha kiti kabla hajakuumiza. Akatandaza ramani mezani. Tanuri lipo, barabara ya kushuka ipo, kisha weupe mtupu, na katikati ya weupe pamepigwa chapa: ENEO WAZI.

"Mnaona, mama zangu," akasema. "Kulikuwa na kiwanja kingine kule juu, lakini kule kuna nyumba."

"Na huku?" nikamuuliza.

"Huku ramani haina nyumba."

"Binti yangu, hilo gauni ulilovaa umelitoa wapi?"

Akajitazama kifuani. "Kwako, fundi."

"Kwangu ni wapi?"

Akalinyoosha gauni magotini. Na lilimkaa vizuri, nisijinyime haki yangu. Kisha akatueleza, na sikumchukia kwa jinsi alivyoeleza. Yeye anajua tupo. Ila sheria inauliza kama tulikuwepo kabla ya mpango wa mji, na mpango ulitokana na ramani hii ya miaka thelathini na tano iliyopita. Nyumba iliyokuwepo kabla ina haki: kituo cha taka hakiruhusiwi kuisogelea ndani ya mita mia tano, hata kama ni nyumba moja. Waliokuja baada ya mpango wanaitwa wavamizi. Wavamizi wanapewa notisi ya kuhama.

"Mvamizi mimi?" nikasema. "Nimezaliwa pale!"

"Una karatasi yoyote?"

"Nina kovu la tofali kwenye goti. Nikuonyeshe?"

Dada akanivuta mkono nikae. Yeye hana makelele, yeye ni mtu wa kungoja mpaka wote tuchoke. Akaweka kidole juu ya ramani, akasema kwa fahari, shingo imenyooka: "Hii imechorwa na mume wangu."

Binti akachangamka kweli. "Basi mama, aje Alhamisi! Mchoraji mwenyewe akisema kulikuwa na nyumba, neno lake litapokelewa."

Tulirudi nyumbani kama watu walioshinda kesi. Njiani dada alikuwa anapanga shati gani amvalishe. Mwenyekiti alisema hatimaye Mungu ametuletea mtu wa ndani, tena kwa njia ya ndoa. Tukamkuta shemeji barazani anakunywa chai, tukammiminia habari zote kwa pamoja. Akaweka kikombe chini. Hakukiweka katikati ya kisahani, akakiweka ukingoni, kikainama, chai ikamwagika, na yeye akaitazama tu inavyotiririka.

"Goti linanisumbua," akasema. "Sijui kama Alhamisi nitaweza."

Goti! Mtu ambaye juzi tu alipanda juu ya bati kupima kama mfereji wa mvua umelala sawa. Jumatano asubuhi akaosha vyombo, jambo ambalo katika ndoa yao halina kumbukumbu. Mimi nikamtegea. Nikashona upindo umepinda makusudi, umepinda mpaka kipofu angeuona, nikasubiri. Akapita mlangoni, akasema, "Habari za asubuhi, shemeji," akaenda zake. Hapo nikaogopa.

Baada ya chakula cha mchana dada akatoka kwenda kwa jirani. Nikaingia sebuleni kwao bila kubisha. Ukuta juu ya kochi ulikuwa na mraba mweupe, na ramani imelazwa mezani, yeye ameketi mbele yake mikono magotini.

"Lete macho yako, shemeji," akasema. "Hebu nitafutie mtaa wetu hapa."

Nikainama. Nikaliona tanuri. Nikaishika barabara kwa kidole, nikashuka nayo, nikapita daraja dogo, nikafika kwenye kisanduku cha ufunguo. Barabara ikaingia chini yake na haikutoka.

"Iko wapi?"

"Chini," akasema.

Akanieleza, na alinieleza akiitazama ile dira, hakunitazama mimi. Zamani, kabla ya kuchora, ilimbidi atembee mji mzima na penseli na daftari la uwandani, aandike nyumba moja moja. Alifika kwetu, akaziandika zote kumi na moja. Aliporudi ofisini karatasi haikutosha. Kila mchoraji anajua ufunguo unakaa pembeni, nje ya ramani, lakini yeye alikuwa kijana, alitaka ramani yake ijae, ipendeze, na ufunguo wake uonekane. Akatafuta kona ya kuuweka ndani. Akauweka juu yetu. Miaka ikapita, wengine wakainakili ramani ile kwa mashine, wakakihamishia kisanduku pembeni kama inavyotakiwa, na walipokitoa wakakuta chini yake hakuna kitu. Mtu fulani akapiga chapa: eneo wazi.

"Chapa si yangu," akasema. "Weupe ni wangu."

Nilikasirika. Sisemi nilisikitika, nilikasirika, mpaka masikio yakawa moto. Dada yangu amekipangusa kile kioo kila Jumamosi! Ameipangusa picha ya kufunikwa kwake, kwa kitambaa nilichompa mimi.

"Dada anajua?"

"Hajui."

"Na kesho?"

Akapitisha kidole ukingoni mwa fremu. Na mimi nikaona vizuri anachokipima safari hii. Akinyamaza, ataendelea kuwa Rula asiyekosea, na sisi wote, yeye akiwemo, tutapewa notisi ya kuhama. Akisema, nyumba zitapona, lakini atasema mbele ya mji mzima, na mbele ya mwanamke anayemwandalia shati. Nikamwambia, "Shemeji, mimi kesho nina mdomo. Lakini ni afadhali utumie wako." Nikatoka, nikaenda kuufumua ule upindo niliokuwa nimeupinda kwa ajili yake.

Alhamisi ukumbi ulijaa, na nusu ya waliojaa walikuwa wavamizi. Diwani aliyeongoza kikao alikaa mbele, afisa mipango pembeni yake na mafaili, na kwa bahati siku hiyo alivaa nguo ya duka. Mwenyekiti wetu akasimama wa kwanza. Akasema yeye hana ugomvi na halmashauri. Ameshawaandikia barua za bomba, za taa, za barabara, Mungu ndiye anayejua ngapi, na zote zimeanza kwa kusema tunaomba kuwakumbusha. "Kwa sababu nyinyi si wabaya," akasema. "Nyinyi ni wasahaulifu. Na mtu msahaulifu dawa yake ni kukumbushwa." Watu wakacheka, hata diwani akacheka. Mzee akakaa, ameridhika.

Diwani akauliza kama yupo mwenye ushahidi. Dada akamgusa mumewe begani. Shemeji akasimama. Lile shati lilikuwa limenyooshwa mpaka mikono imesimama yenyewe.

"Mimi ndiye niliyechora," akasema. "Kulikuwa na nyumba kumi na moja. Nilizifunika kwa kisanduku cha ufunguo."

Minong'ono ikapita. Diwani akamwomba arudie, akarudia. Afisa mipango akauliza, kwa ile sauti yake ya chini, kwani ufunguo ulitakiwa ukae wapi.

"Nje ya ramani. Hata mwanafunzi anajua."

"Sasa mzee, kwa nini uliweka kona ile? Ramani ina kona nne."

Dada alikuwa ameinua uso anamtazama.

"Kona ya juu kushoto kulikuwa na nyumba za wakubwa," akasema. "Mkuu wangu alikaa huko. Juu kulia kulikuwa na soko, wafanyabiashara wangeuliza. Chini kushoto ulipita mto."

"Mto ungeweza kuufunika," diwani akasema. "Mto haulalamiki."

"Ulipendeza kwa wino wa bluu." Akaivuta mikono ya shati. "Nikabaki na kona hii. Niliwajua waliokaa pale. Nilijua hawatakuja ofisini kuuliza."

Mimi nilikuwa nayajua ya kisanduku tangu jana, ila hilo la mto hakuwa ameniambia, na liliniuma kuliko mengine. Mto ulihurumiwa kwa ajili ya rangi yake.

Diwani akasema maneno pekee hayatoshi, yanaweza kuwa ya mtu anayetetea kiwanja chake. Shemeji akasema, "Yako maandishi. Stoo ya ofisi, daftari la uwandani namba sabini na tatu. Ukurasa wa kumi na tisa." Hakusita hata kidogo. Mtu amestaafu miaka minne, ukurasa anao kichwani! Hapo nikajua alikuwa ameubeba miaka yote, na kwamba zile hadithi za wembe alikuwa anamsimulia mtu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe.

Mtunza stoo akatumwa, tukasubiri karibu saa nzima, na mwisho akaleta kitabu chembamba chenye jalada la kitambaa, kimeliwa na mende pembeni. Afisa mipango akafungua ukurasa, akaangalia, akamwangalia shemeji, akaangalia tena. Diwani akamwambia asome kwa sauti. Akasoma nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu: tofali mbichi au udongo, bati au nyasi, vyumba vingapi, watu wangapi. Kila nyumba ilipotajwa kuna mtu ukumbini aliguna, "Ya babu," au "Hiyo ni yetu!" Akafika ya nane.

"Nyumba ya nane. Tofali mbichi, bati, vyumba viwili. Mjane na wasichana wawili. Wamenipa maji."

Nilikuwa na miaka tisa. Simkumbuki kijana yeyote mwenye daftari. Maji tuliyachota mbali enzi hizo, ndoo kichwani, kilima kupanda na kushuka, na mama alikuwa anatugawia kwa kikombe. Na dada miaka yote ametusimulia walivyokutana: kwamba yeye alipeleka barua ya bomba ofisini, akamkuta kijana chumba cha ramani, akataja anakotoka, kijana akashikwa na kigugumizi, kalamu ikamdondoka. Dada akaona yale ni mapenzi. Na labda yalikuwa mapenzi, lakini kumbe yalikuwa na mwenzake.

Dada akasimama. Hakupaza sauti, na kila mtu alimsikia.

"Uliyanywa?"

"Niliyanywa," shemeji akasema.

"Halafu ukaenda kutufunika."

"Halafu nikaenda kuwafunika."

Dada akakaa. Akafungua mkoba wake, akafunga, akafungua tena. Mimi nikamshika mkono, na ulikuwa wa baridi.

Baada ya hapo mambo ya ofisi yalikwenda haraka, kama yanavyokwenda pale ambapo hakuna anayetaka kuendelea kukaa. Diwani akanong'onezana na wenzake. Akatangaza kwamba nyumba kumi na moja zilikuwepo kabla ya mpango, kwamba kituo hakitajengwa chini ya tanuri, kwamba hakuna mtu atakayepewa notisi, na kwamba wapimaji watakuja wiki ijayo kuuandika mtaa wote. Kile kiwanja cha juu, cha karibu na nyumba za ghorofa, kitaangaliwa upya. Vigelegele vikapigwa mpaka bati likalia. Nami nilipiga, nyumba yangu imepona, nani asingepiga?

Nje watu walikuwa wanakumbatiana. Shemeji alisimama peke yake karibu na ngazi. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyejua amwambie nini. Dada alikuwa bado ndani. Mwenyekiti akamwendea, mimi nikasogea nisikie, kwa sababu mimi nasogea.

"Nyumba ya tatu," mzee akasema. "Hiyo ilikuwa yangu. Uliniona siku ile?"

"Nilikuona. Ulikuwa unapanga matofali mabichi juani. Ulinipungia mkono."

"Mimi nilikupungia?"

"Ndiyo, mzee."

Mwenyekiti akatazama chini, akasugua kiatu chake kwenye changarawe.

"Unajua, miaka yote hii nimewatetea," akasema. "Vijana wakija juu nawatuliza, nawaambia wametusahau tu. Mtu aliyekusahau huwezi kumchukia, unamkumbusha. Kumbe tulionekana."

Hakusema kwa hasira, laiti angesema kwa hasira. Akampa mkono, wakashikana, akaondoka polepole kwenda kuwatafuta watu wake.

Shemeji akageuka akanitazama. Nadhani alitaka nimtanie. Alitaka niseme lolote, la goti, la shati, la mto wake wa bluu, ili awe tena mtu wa kawaida mwenye shemeji mwenye domo. Maneno nilikuwa nayo, tena mengi, yamejaa mdomoni. Siku hiyo sikumpa hata moja.